Shan Ruwa: Funga, Joto na Wachukua Maji wa Kano



 

Viongozi wa jumuiya yetu wameniomba niandike kuhusu Ramadhani ya huku Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako niko mwaka wa tatu nikisoma Masomo ya Kiislamu. Nadhani walitarajia habari za vyakula na shamrashamra. Hizo zipo na nitazigusa. Lakini sehemu kubwa ya nafasi hii nitaitumia kwa mas'ala moja ya fiq'hi, ya mtu mwenye kazi nzito katika joto kali, kwa sababu huku nimeiona ikitembea barabarani, na kwa sababu huko nyumbani tuna jambo linaloihusu. Jambo lenyewe ni ile picha.

Mnaikumbuka. Mmoja wetu alimpiga picha dada mwenzetu akinywa maji saa saba mchana nyuma ya maktaba, akaituma katika kundi la WhatsApp la jumuiya pamoja na maneno ya kuuliza kama huyu naye ni Mwislamu. Ilifutwa usiku, lakini ilikuwa imeshaonwa na wengi. Dada yule hajarudi katika darsa zetu. Naomba tusome mas'ala hii tukimkumbuka yeye.

Joto, si saa

Wengi huniuliza kama funga ya huku ni ndefu. Si ndefu. Kano iko kwenye digrii 12 kaskazini mwa ikweta, na mwezi wa Machi urefu wa mchana wake haupishani sana na wa Bujumbura. Tangu alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na kitu, kama kwetu. Kinachopishana ni jua. Vumbi la harmattan linalotoka jangwani likishapungua, Machi na Aprili huja kuwa miongoni mwa miezi ya joto kali ya mwaka. Kipimo hupita nyuzi 40, na mvua za maana husubiriwa hadi Mei au Juni. Sisi wa Buyenzi tunalijua joto, lakini tuna Ziwa Tanganyika, na jioni upepo wake hutukumbuka. Huku jioni ukiegemea ukuta unakuunguza, kwa maana ukuta umekula jua mchana kutwa na usiku unalitapika.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, lugha ya Kihausa imekiita kitendo cha kufuturu kwa jina linalofaa kabisa: shan ruwa, yaani kunywa maji. Wanalo pia jina jingine, buda baki, ambalo ni sawa na sisi tunavyosema kufungua kinywa. Lakini salamu ya baada ya Magharibi, kwa mkubwa na mdogo, ni "barka da shan ruwa", baraka za kunywa maji. Chakula hakitajwi. Ukikaa Kano wiki moja ya Ramadhani hutauliza kwa nini.

Mwaka 2024, yaani 1445 Hijria, Sultani wa Sokoto alitangaza kuandama kwa mwezi, na tukaanza kufunga Jumatatu tarehe 11 Machi. Ilikuwa Ramadhani ngumu hata kabla ya jua kuingia. Ruzuku ya mafuta ilikuwa imeondolewa Mei 2023, naira ikaporomoka, na bei ya chakula ikapanda hadi Februari ile magazeti yakawa yanaandika juu ya afafata, chenga ngumu za mchele ambazo zamani viwanda vilizitupa au kuwauzia wafuga samaki, na sasa watu wanazipika nyumbani. Na mji ulikuwa vilevile na matatizo yake mawili ya siku zote. Umeme hukatika, na maji ya bomba hayafiki kila mtaa.

Hapo ndipo anapoingia mai ruwa, mchukua maji. Ana mkokoteni wa magurudumu mawili, na juu yake amepanga madumu ya lita 25. Piga hesabu ya madumu kumi tu: ni kilo 250 za maji, zikisukumwa juani na mtu aliyefunga, kutoka kwenye kisima cha mashine hadi mlangoni mwako. Wengi wao ni wageni kutoka nchi jirani ya Niger. Maji ya kuogea, ya udhu, ya kupikia uji wa futari, yote yamepita mikononi mwao.

Mchana mji hulala nusu. Maduka hufunguliwa, lakini watu wanazungumza kwa sauti ya chini na hakuna mwenye haraka. Baada ya Alasiri unaamka upya. Misikiti inajaa kwa ajili ya tafsiri ya Qur'ani, na hili ni jambo ambalo Wahausa wamelifanya kuwa uti wa mgongo wa Ramadhani yao: msomaji anasoma aya, sheikh anaifafanua kwa Kihausa, na redio zinarusha hadi sokoni. Utamaduni huu wa redioni ulikuzwa sana na Sheikh Abubakar Gumi wa Kaduna, aliyefariki mwaka 1992, ambaye pia alitafsiri Qur'ani kwa Kihausa. Tukitafuta wa kumlinganisha naye kwetu, ni Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy na tafsiri yake ya Kiswahili ya mwaka 1969.

Nje ya msikiti kina mama wanakaanga kosai, ambazo ni bajia za kunde, wakiwa wamekaa mbele ya mafuta yanayochemka huku jua lenyewe bado linawaka. (Kwa anayeuliza: mpishi akionja chumvi kwa ncha ya ulimi kwa haja, kisha akatema, funga yake haiharibiki.) Wengine wana kunu, uji wa uwele wenye ukwaju. Lakini foleni iliyo ndefu kuliko zote ni ya barafu. Wenye umeme au jenereta hugandisha maji ndani ya mifuko ya plastiki, na watoto hutumwa kununua. Utawaona wanakimbia na vipande vimefungwa guniani, vinatiririka njia nzima, maana wakichelewa watafika na gunia tupu.

Futari ya msikiti wa mtaani kwetu ilikuwa sinia za majirani. Mwaka ule sinia zilipungua ujazo lakini idadi haikupungua, na wanafunzi wa Qur'ani, almajirai, na vibakuli vyao hawakurudishwa hata siku moja niliyokuwapo. Mnaijua hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Zaid bin Khalid (r.a.), kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake bila ya mwenyewe kupunguziwa. Na mnaijua ya Saad bin Ubada (r.a.), ambaye mama yake alifariki, akamuuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka gani iliyo bora, akajibiwa kuwa ni maji. Nilizisoma zote mbili kidato. Katika foleni ya barafu ndipo nilipoona kwa nini jibu lilikuwa maji.

Usiku ni tarawehe, na kuanzia kumi la pili ni zamu ya watoto na tashe. Huvaa mavazi ya maigizo wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchekesha ili wapewe chochote. Ninayempenda ni yule mtoto anayebandikwa ndevu za pamba na kupewa tasbihi, akawa sheikh mzee, na wenzake wakamsingizia kwamba alionekana akicheza ngoma.

Yaliyo wepesi kwanza

Tuingie katika fiq'hi. Kano ni mji wa Imam Malik. Wanafunzi wa hapa hukua na Risala ya Ibn Abi Zaid al-Qayrawani na Mukhtasar wa Khalil, wakati sisi Afrika Mashariki wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii. Katika mwezi huu tofauti zinaonekana upesi.

Mimi nimezoea baada ya tarawehe imamu atutamkishe nia ya funga ya kesho, kwa sababu kwa Shafii kila siku ni ibada inayojitegemea na inataka nia yake usiku. Huku hakuna anayetamkisha, na nilipouliza niliambiwa kuwa nia ya usiku wa kwanza inatosha mwezi mzima maadamu mfululizo haujakatwa na safari au maradhi. Ukikatika, nia inaletwa upya. Vivyo hivyo mswaki: kwetu ni makuruhu baada ya jua kupinduka, huku utawaona wazee wanapiga mswaki mkavu Alasiri bila wasiwasi.

Kuhusu kujipoza, madhehebu zote mbili zinaruhusu kuoga na kujimwagia maji. Imam Malik katika Muwatta, na Abu Daud katika Sunan yake, wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alionekana mahali paitwapo al-Arj akijimwagia maji kichwani hali amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Nawataja wale ndugu wanaodhani kuteseka kwenyewe ndiko ibada. Mbora wetu alitafuta maji ya kichwani.

Mai ruwa chini ya mwarobaini

Sasa lile lililo zito. Mwishoni mwa Machi, saa nane mchana, nilimkuta mai ruwa wa mtaa wetu amekaa chini ya mwarobaini, kichwa kimelowa, na kifuniko cha dumu moja kiko wazi. Alikuwa amekunywa. Vijana wawili walipita wakasema neno ambalo sitaliandika.

"Baba, unaumwa?" nilimuuliza.

"Malam," akanijibu, maana huku kila mwanafunzi wa dini ni malam, "nililala na nia, nikala daku, nikatoka nimefunga. Leo jua limenishinda. Macho yaliingia giza."

Jioni nilimpelekea mas'ala hiyo mwalimu anayetusomesha mtaani. Wengine waliokuwapo walisema huyu anatoka Niger, basi ni msafiri na ana ruhusa. Mwalimu alilikataa hilo haraka: aliyenuia kukaa mahali siku nne na zaidi si msafiri tena, kwa Malik na kwa Shafii, na mtu huyu yuko Kano miezi. Ruhusa yake haitoki kwenye safari. Inatoka kwenye dhara.

Nilirudi kwenye vitabu vyetu na nikakuta jambo lililonifurahisha. Mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 8 Hijria, Shihabuddin al-Adhrai, aliyeishi Halab huko Shamu, aliwazungumzia wavunaji wa mashamba katika Ramadhani, na maneno yake yamenukuliwa na waliokuja baada yake. Hukumu yake ni kwamba wavunaji ni wajibu wanuie funga kila usiku na waamke wamefunga. Atakayepatwa na mashaka makubwa mchana, huyo atafungua, na asiyepatwa hatafungua. Wafafanuzi wakaongeza kuwa hii ni kama kazi haiwezekani usiku, na kuiacha kutamdhuru yeye au mali. Siku aliyofungua atailipa.

Angalieni mizani ilivyo sawa. Hakuambiwa asifunge kwa kuwa kazi yake ni ngumu, maana ugumu ulio kesho bado hajaupata. Wala hakuambiwa aanguke na mkokoteni ili sisi tuone imani yake. Malik wana msimamo wa karibu na huu, na kwao mtu akihofia kuangamia kufungua kunakuwa wajibu. Msingi wa yote ni aya ya 185 ya Suratul Baqara, ambayo baada ya kutaja mgonjwa na msafiri inatueleza kuwa Allah anatutakia wepesi na hatutakii uzito.

Mwalimu wetu hakuishia kwa mai ruwa. Alitugeukia sisi: sharti la kazi kutowezekana usiku linawahusu nyinyi mnaonunua maji. Nani amesema lazima yaletwe saa nane mchana? Kesho yake mazungumzo yalipita nyumba kwa nyumba. Mama mwenye nyumba ninayopanga, ambaye sote tunamwita Hajiya, akawa wa kwanza kuacha lango wazi baada ya tarawehe, na mapipa yetu yakawa yanajazwa kati ya saa nne usiku na daku. Mtu yuleyule, mkokoteni uleule, ila jua halipo. Mwalimu alimwambia pia alete nia upya usiku ule, kwa kuwa mfululizo wake ulikatika. Sijui darsa ya fiq'hi niliyowahi kuiona ikifanya kazi upesi namna hiyo.

Kuna hadithi ya Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, ambayo naona wahutubiaji wetu hawaitumii inavyostahili. Maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) siku ya joto kali, wengine wamefunga na wengine hawakufunga. Kivuli kilikuwa haba, wengine walijikinga jua kwa mikono. Walipotua, waliofunga walianguka kwa uchovu, na wasiofunga ndio waliosimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa siku ile ujira umechukuliwa na wasiofunga. Si dharau kwa funga, kwani huyu ndiye aliyetufundisha fadhila zake. Ni kwamba mtu mwenye udhuru aliyebeba mzigo wa wenzake hasimami pembeni ya ibada ya jamaa.

Nani muhtasibu?

Kano ina Bodi ya Hisbah iliyoundwa kwa sheria ya jimbo mwaka 2003. Katika Ramadhani maafisa wake hukagua migahawa na masoko. Machi 2024 vyombo vya habari viliripoti kuwa waliwakamata watu 11 waliokutwa wakila mchana, kisha wakawaachia baada ya kuahidi kutorudia. Wasio Waislamu hawakuguswa. Watu wa hapa wenyewe wanabishana juu ya utaratibu huo, na mimi ni mgeni. Ninachotaka kusema kinatuhusu sisi tusio na bodi, wenye simu tu.

Imam Ghazali katika Ihya ameweka masharti ya jambo la kukatazwa: liwe ni ovu kweli, liwepo wakati huo, lionekane bila ya kupeleleza, na ubaya wake ujulikane bila kuhitaji ijtihadi. Pimeni ile picha. Mtu anayekunywa maji mchana wa Ramadhani nyuma ya jengo, amejificha: je, ubaya wake unajulikana? Anaweza kuwa na homa. Anaweza kuwa na kisukari au vidonda vya tumbo. Anaweza kuwa amewasili asubuhi ileile kutoka Gitega au Kigoma. Na kama ni mwanamke, anaweza kuwa katika siku ambazo kufunga kwake ni haramu kwa ijmai, tena hana wajibu wa kumtangazia yeyote. Yaani aliyepiga picha huenda alikuwa anamlaumu mtu kwa kumtii Mola wake. Kuhusu kuifuata habari ya mtu hadi nyuma ya maktaba, aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza dhana, upelelezi na kusengenyana kwa mfuatano, na picha ile ilizipita zote tatu chini ya dakika moja.

Hata ingekuwa hana udhuru wowote, njia ni nasaha ya faragha, kwa kina dada wenzake.

Ninapendekeza viongozi wamwendee, ujumbe wa kina dada, si kumhoji bali kumwomba radhi kwa niaba ya kundi, na aliyetuma picha aende kwa idhini yake dada. Tena kabla ya bajeti ya futari ya pamoja ya mwaka huu haijapitishwa, tuulize wanaofagia ua wetu, wanaolinda lango na wanaobeba sufuria siku ile wanafanya kazi saa ngapi, na kama saa hizo zinaweza kusogezwa.

Kuhusu kulipa: Bibi Aisha (r.a.) alieleza kuwa alikuwa akibakiwa na siku za Ramadhani asiweze kuzilipa ila Shaabani. Kwa hiyo muda ni mpana, lakini una mwisho. Anayechelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia, kwa Malik na kwa Shafii atalipa siku zake na atatoa kibaba kimoja cha chakula, mudi, kwa kila siku. Huku Kano wengi huchagua Desemba na Januari, wakati harmattan imeleta baridi ya asubuhi na mchana umekuwa mfupi.

Januari iliyofuata mai ruwa alituletea maji kabla ya Adhuhuri. Hajiya alimtolea uji, akaushukuru, akasema angeomba awekewe hadi magharibi.

"Unalipa, Baba?" nikamuuliza.

"Hii ya pili. Imebaki moja," akasema, na akanikumbusha kuwa nadaiwa madumu manne.